Gambiti ya Stafford: mwongozo kamili wa kucheza ufunguzi mbovu unaofurahisha

Kuna ufunguzi wa sataranji unaokupa nafasi nzuri, na kuna ufunguzi unaokupa raha. Gambiti ya Stafford ni ya kundi la pili. Mweusi anatoa askari mmoja kwenye hatua ya tatu bila kupata fidia inayoeleweka kwenye karatasi, kisha anakaa kusubiri Mweupe acheze hatua za kawaida, zile ambazo mkono huenda wenyewe. Hatua hizo za kawaida ndizo zinazomwua. Ukiupeleka mchezo huu kwa injini, yaani programu ya kompyuta inayochambua sataranji, itakuambia Mweupe ana faida inayozidi thamani ya askari mmoja, na injini haikosei. Lakini mpinzani wako si injini, na ana dakika tatu kwenye saa.

Jina linatokana na Joseph Stafford, aliyeucheza kwa barua mwaka 1950. Mchezo ule uliisha baada ya hatua sita tu, na mtego ulioumaliza tutauona hapa chini. Kwa miaka mingi haukuwa na wafuasi wengi, hadi Eric Rosen wa Marekani, mwenye taji la International Master, alipoanza kuuonyesha kwenye video zake. Tangu karibu mwaka 2020 umeenea sana kwenye michezo ya kasi ya mtandaoni.

Mwongozo huu unatumia alama za kimataifa: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Askari hana herufi. Herufi ndogo na namba, kama e4, ni mraba; x ni kula kete; nukta tatu, kama 3...d6, ni hatua ya Mweusi. O-O ni kumpeleka mfalme ngomeni upande mfupi. Alama ya + ni cheki, na # ni chekimeti. Weka ubao mbele yako, maana kusoma hatua hizi kwa macho tu ni sawa na kujifunza kuogelea ukiwa kitandani.

Hatua nne za kufika

1.e4 e5
2.Nf3 Nf6

Huu bado ni Utetezi wa Petrov, ufunguzi wenye sifa ya kuchosha. Mweupe anachukua askari:

3.Nxe5 Nc6

Hapa ndipo njia zinapoachana. Anayecheza Petrov ya kawaida husukuma 3...d6, farasi mweupe arudi, ndipo achukue e4. Sisi tunamwambia Mweupe: chukua farasi wangu.

4.Nxc6 dxc6

Chukua kwa askari wa d, si wa b. Hilo ndilo kosa la kwanza la wanaoanza. Wameshafundishwa kwamba askari huchukua kuelekea katikati, basi wanacheza bxc6 na gambiti inafia hapo hapo. Kwa dxc6 unapata vitu viwili kwa mpigo: safu ya d inafunguka mbele ya malkia wako, na askofu wa c8 anaona hadi g4.

Sasa hesabu. Farasi wa Mweupe ametembea mara tatu na kuuawa, na upande wake hakuna kete kubwa hata moja iliyotoka nyumbani. Wewe una farasi f6 tayari, askofu wa f8 anaruka hadi c5 kwa hatua moja, na wote wawili wanalenga mraba mmoja, farasi kupitia g4 au e4: f2, unaolindwa na mfalme peke yake. Ukiulizwa fidia yako iko wapi, jibu ni hilo. Hakuna lingine.

Ubaya wake ni huu. Umepungukiwa askari, na askari wako wawili wamepangana kwenye safu ya c. Malkia wakibadilishwa na mchezo ukafika hatua za mwisho zenye kete chache, Mweupe ana askari wanne upande wa mfalme dhidi ya watatu wako, na hao wawili wako wa c hawawezi kutengeneza chochote kirahisi. Atakushinda taratibu, bila kutoka jasho. Kanuni ya kwanza ya Stafford basi ni kutobadilishana kete bila kupata kitu, na kutobadilishana malkia kabisa.

Mweupe akikataa kuingia

Usikariri mitego ukasahau kwamba mpinzani ana hiari. Kwenye hatua ya tatu anaweza kucheza 3.Nc3 badala ya kuchukua. Cheza 3...Nc6 na uwe na mchezo wa Farasi Wanne, salama kabisa. Kwa 3.d4 chukua 3...Nxe4. Kwa 3.Bc4 cheza 3...Nc6 nao ni ufunguzi wa kawaida.

Kwenye hatua ya nne, wengi wanaoshtuka hurudi nyuma: 4.Nf3. Chukua 4...Nxe4 na askari wako karudi. Hapa kuna mtego mmoja dhidi yako: 5.Qe2. Farasi wako wa e4 amebanwa mbele ya mfalme wako, yaani akiondoka aliye nyuma yake anapigwa, na safu ya e ni tupu. Jibu ni 5...Qe7. Kisha 6.d3 Nf6 7.Qxe7+ Bxe7 na mko sawa. Ishike kama kanuni: farasi wako akiwa e4 na malkia mweupe akatua e2, unajibu Qe7. Itakuokoa mara nyingi, kwa sababu hali hiyo inajirudia, kwa mfano baada ya 4.Nxc6 dxc6 5.d4 Nxe4 6.Qe2.

Akicheza 4.d4, badilishana 4...Nxe5 5.dxe5 na uchukue 5...Nxe4. Askari karudi hapa pia.

Mtego wa kwanza: 5.e5

Ni hatua ya asili sana. Mweupe anamfukuza farasi na kujiona anashambulia.

5.e5 Ne4

Sasa anataka kumfukuza tena: 6.d3. Mkono unakwenda wenyewe. Na hapo mchezo umekwisha.

6.d3 Bc5

Umemwacha farasi achukuliwe. Akichukua, 7.dxe4, unacheza 7...Bxf2+. Mfalme akila askofu, 8.Kxf2, safu ya d imeshafunguka maana askari wa d3 ameenda e4, na unachukua 8...Qxd1. Akikataa kula na kwenda 8.Ke2, unaongeza 8...Bg4+, analazimika 9.Kxf2, na bado 9...Qxd1. Ndiyo hatua iliyomfanya mpinzani wa Stafford akubali kushindwa pale alipoona 6...Bc5.

Wajanja hujaribu 7.Be3. Usibabaike: 7...Bxe3 8.fxe3 Qh4+ 9.g3 Nxg3, na 10.hxg3 inaacha ngome ya h1 wazi, 10...Qxh1. Kwenye mstari huu wengi hukosea kwa kuchukua ngome mapema au kusahau cheki ya h4. Mpangilio ni cheki kwanza, farasi pili, ngome tatu.

Mweupe anayejua hachezi 6.d3 bali 6.d4, ambayo inamzuia askofu wako kufika c5. Hapo jaribu 6...Qh4, ukitishia chekimeti f2. Kama atajibu 7.g3, una 7...Nxg3: 8.hxg3 Qxh1, au 8.fxg3 Qe4+ ukimpiga mfalme na ngome kwa pamoja. Askari mweupe wa e5 anakusaidia hapa bila kujua, maana anakaa kati ya malkia wako na mfalme wako, kwa hiyo 9.Qe2 haimbani malkia na unakula h1 kwa raha. Jibu lake sahihi ni 7.Qf3. Linalinda f2 na kumtishia farasi, nawe unarudi 7...Ng5 ukiwa na nafasi duni. Ndivyo ilivyo.

Mtego wa pili: 5.d3 na askofu wa g5

Mchezaji mwenye uzoefu kidogo huchagua 5.d3. Analinda e4 na kumfungulia njia askofu wa c1. Jibu lako karibu daima ni lile lile:

5.d3 Bc5

Sasa angalia anachotamani. Farasi wako f6, malkia wako d8 nyuma yake. Kila kitabu cha wanaoanza kinamwambia ambane farasi: 6.Bg5.

6.Bg5 Nxe4

Farasi aliyebanwa ameondoka, na malkia ameachwa mdomoni. Hapa ndipo utamu wa Stafford ulipo. Mweupe anaangalia, anaangalia tena, halafu anachukua:

7.Bxd8 Bxf2+
8.Ke2 Bg4#

Simama kidogo uitazame chekimeti hii, kwa sababu ukiielewa utaitambua hata ikija kwa sura nyingine. Mfalme yuko e2. Farasi wa e4 anafunga d2 na kumlinda askofu wa f2. Askofu wa f2 anafunga e1 na e3. Askofu wa g4 anatoa cheki na kufunga f3. Miraba d1, d3 na f1 imekaliwa na watu wake mwenyewe. Malkia mweupe yuko d1, karibu kabisa, lakini mfalme wake ndiye anayemziba njia. Kete tatu ndogo zimeua mbele ya malkia wawili, mmoja hai na mmoja marehemu.

Asipoingia kwenye chambo cha malkia na kucheza 7.dxe4, unajua tayari: 7...Bxf2+ 8.Kxf2 Qxd1, au 8.Ke2 Bg4+ 9.Kxf2 Qxd1. Usisahau kwamba askofu wa g5 bado anamtazama malkia wako. Cheza cheki ya f2 kwanza.

Hatua yake yenye uhai mrefu ni 7.Be3. Endelea 7...Bxe3 8.fxe3 Qh4+ 9.g3 Nxg3 kama ulivyojifunza kwenye mtego wa kwanza. Akichukua kwa 8.dxe4 badala ya 8.fxe3, usikimbilie kula malkia, cheza 8...Bxf2+ na mfalme atamwachia malkia d1 bila ulinzi.

Badala ya 6.Bg5 anaweza kutoa farasi, 6.Nc3. Ruka 6...Ng4, f2 inapigwa mara mbili. Kwa 7.Be3 unabadilishana 7...Nxe3 8.fxe3 Bxe3. Askari amerudi, na askofu wako amekaa e3 kama mwiba, mfalme mweupe haendi ngomeni upande mfupi.

Mtego wa tatu: Be2 na mfalme ngomeni

Huu ndio unaostahili kukariri zaidi ya yote, kwa sababu Mweupe anafanya kila alichofundishwa. Anamtoa askofu kwa heshima, anampeleka mfalme mahali salama, anamfukuza farasi msumbufu. Na anauawa hatua ya kumi.

5.d3 Bc5
6.Be2 h5

Usicheze Ng4 kabla ya h5. Ukiharakisha, Mweupe anabadilisha askofu kwa farasi, safu ya h inabaki imefungwa na shambulio limeisha kabla halijaanza. Askari wa h5 kazi yake ni moja: akiliwa farasi g4, achukue yeye, na ngome ya h8 iamke bila kusogea hata mraba mmoja.

7.O-O Ng4
8.h3 Qd6

Watu wengi wangemrudisha farasi. Wewe humgusi. Malkia wa d6 anatazama mshazari hadi h2, na chekimeti ya h2 iko mezani kwa msaada wa farasi. Mweupe anafurahi kwamba anaweza kuondoa tatizo kwa kula:

9.hxg4 hxg4

Sasa safu ya h ni wazi kuanzia h8 hadi h1. Chekimeti ya h2 bado ipo, safari hii kwa msaada wa ngome. Hatua moja tu inaonekana kumwokoa, kufunga mshazari kwa askari:

10.g3 Qxg3#

Mtu atasema, si malkia ameliwa na askari wa f2? Hapana. Askari wa f2 amebanwa na askofu wa c5, na nyuma yake yuko mfalme g1. Haruhusiwi kusogea wala kula. Kona ya h1 inapigwa na ngome kutoka h8, h2 na g2 zinapigwa na malkia. Hakuna pa kwenda. Kwa sababu hiyo hiyo 10.f4 si hatua halali, ingawa wapinzani wengi watajaribu kuiburuta na ubao ukaikataa, na huko ndiko sekunde zao za mwisho zinakoishia.

Akijitetea 10.Bf4 unakula 10...Qxf4 na hakuna kilichobadilika: 11.g3 Qxg3#, au 11.Re1 Qh2+ 12.Kf1 Qh1#. 10.e5 Qxe5 inachelewesha tu. Na akifunga mapema, 9.g3, usingoje: 9...Qxg3+ 10.Kh1 Qh2#.

Kujinasua kwake halisi baada ya 8...Qd6 ni 9.e5. Chukua kwa farasi, 9...Nxe5, si kwa malkia. Malkia akikaa e5, Mweupe anaweza kubadilishana 10.Bxg4 hxg4 kisha 11.Re1, na malkia wako amebanwa mbele ya mfalme wako. Kwa farasi, askari wako karudi na una mchezo wa kawaida wenye nafasi nzuri.

5.Nc3, na chambo usichopaswa kukila wewe

5.Nc3 Bc5

Kama atacheza 6.Bc4, ruka 6...Ng4. Akimpeleka mfalme ngomeni, 7.O-O, unacheza 7...Qh4 na h2 inatishiwa chekimeti. 8.Qf3, hatua inayotishia f7 na ambayo wengi huiona kuwa ya busara, inajibiwa 8...Qxh2#. Kwa 8.h3 unachukua 8...Nxf2, na farasi huyo anatishia malkia d1, ngome f1 na cheki maradufu ya h3 kwa wakati mmoja. Akipuuza na kucheza 9.Qf3, una 9...Nxh3+ na cheki mbili, ya farasi na ya askofu. Akienda kona, 10.Kh1 Nf2+, cheki mbili tena, 11.Kg1 Qh1#. Cheki maradufu haizibiki wala haichukuliwi, mfalme lazima asogee. Ndiyo maana inatisha.

Akijitetea kwa 7.Rf1, amepoteza haki ya kwenda ngomeni upande huo, na 7...Nxh2 inarudisha askari.

Sasa chambo chako. Mweupe mwangalifu hucheza 6.h3 ili farasi asifike g4. Utaona 6...Bxf2+ 7.Kxf2 Nxe4+, na itakuvutia, maana inafanana na mitego yote uliyojifunza. Haina nguvu. Mweupe anakula 8.Nxe4. Ukijaribu 8...Qd4+ 9.Ke1 Qxe4+, anaweka 10.Qe2, malkia wako amebanwa kwenye safu ya e, mnabadilishana, na yeye ana kete nzima kwa askari mmoja. Ukijaribu 8...Qh4+, kweli 9.g3 ingempotezea farasi na ngome yake ingebaki hatarini, lakini 9.Ng3 inazima moto wote. Cheza badala yake 6...Qd4, ukitishia f2 kwa unyofu. Atajibu 7.Qe2 au 7.Qf3, nawe umpeleke mfalme ngomeni na ulete ngome e8. Uko nyuma kwa askari, lakini kete zako zinapumua.

Mweupe anayejua dawa

Lazima uijue dawa kuliko yeye, la sivyo utashangaa mchezo unapokugeukia. Kuna njia tatu za kuogopa.

Ya kwanza ni 5.d3 Bc5 6.Be2 h5 7.c3. Inaonekana ya woga, kumbe inaandaa d4 inayomfukuza askofu wa c5, na bila askofu huyo f2 haina mshambuliaji. 7...Ng4 8.d4 Qh4 9.g3 Qf6 10.f3, na farasi wako na askofu wako wanatishiwa pamoja. Vurugu bado ipo kwa 10...h4, ila hesabu iko upande wa Mweupe.

Ya pili ni 5.f3. Inaimarisha e4 na kuziba g4. Usijaribu kuivunja kwa nguvu: baada ya 5...Bc5 6.c3 Nxe4 7.fxe4 Qh4+ 8.g3 Qxe4+ 9.Qe2, malkia wako amebanwa na ngome ya h1 huifikii. Linganisha na mstari wa 5.e5, ambapo askari wa e5 alikukinga. Hapa hakuna askari e5, kwa hiyo mbinu ile ile inageuka kaburi. Kosa hili ndilo linalomaliza wachezaji wengi wa Stafford: wanakumbuka picha, hawaangalii safu ya e.

Ya tatu ni 5.Qe2, inayolinda e4 mapema na kukunyima michezo ya Nxe4.

Dhidi ya njia hizi, badilisha lengo. Acha kutafuta chekimeti ya hatua kumi. Toa askofu wa c8, mpeleke malkia e7 au d6, mfalme upande mrefu kwa O-O-O ili ngome ikae safu ya d, kisha sukuma h5 na h4. Mweupe anayejua dawa ya hatua saba mara nyingi hajui la kufanya hatua ya kumi na tano, naye anatumia muda mwingi kuliko wewe.

Namna ya kuutumia na kuufanyia mazoezi

Stafford ni wa michezo ya dakika 3 au 5, na wa urafiki. Kwenye mchezo wa saa nzima mpinzani ana muda wa kugundua 7.c3 kwa akili yake mwenyewe, na kwenye mashindano ya timu utawakera wenzako bure. Kadiri wapinzani wanavyopanda kiwango ndivyo wanavyozidi kuukumbuka. Ukikutana na mtu yule yule mara ya pili, cheza 3...d6 na umwache akae na dawa yake mkononi.

Zoezi lenyewe halina urefu. Siku ya kwanza cheza mtego wa pili na wa tatu kwenye ubao, mara kumi kila mmoja, ukisema kwa sauti kila kete inafunga mraba gani. Siku ya pili ongeza 5.e5 na 5.Nc3. Siku ya tatu geuza ubao, cheza Mweupe, na ujaribu kuvunja gambiti bila kuangalia maelezo. Anayeweza kuivunja mwenyewe ndiye anayejua Mweusi anapumulia wapi. Baada ya hapo cheza michezo ishirini ya kasi, na baada ya kila mmoja ipitie na injini kwa kuuliza swali moja tu: hatua ya tano ya Mweupe ilikuwa ipi, na jibu langu lilikuwa sahihi? Hatua za thelathini usizihangaikie. Injini ni ya baada ya mchezo. Wakati wa mchezo ni udanganyifu, na tovuti zote kubwa za sataranji zinafunga akaunti kwa hilo.

Jambo la mkono. Kwa kuwa umekariri, utacheza hatua nne za kwanza kwa sekunde mbili, na mpinzani makini ataona kasi hiyo na kunusa mtego. Kaa kidogo kabla ya 3...Nc6, kama mtu aliyeona askari wake ameliwa na hajui afanye nini. Kisha hatua ya tano ya Mweupe ikishachezwa, simama kwelikweli. Sekunde kumi hapo zina thamani kuliko dakika nzima baadaye, maana 5.d3 na 5.f3 zinafanana kwa mtazamo wa haraka, na jibu linaloua moja linakuua wewe kwenye nyingine.